Pafyumu ya vanila: iache ishinde mkononi kwanza

Nimekulia Mukono, Uganda, na nyumbani vanila ilianikwa uani juu ya mkeka. Maganda yakishachovywa kwenye maji ya moto na kufunikwa blanketi, hugeuka kahawia, na harufu yake si ya keki hata kidogo: ni zabibu kavu, ngozi ya kiatu kipya, na moshi kwa mbali. Ndiyo maana pafyumu ya vanila siinunui kabla haijamaliza siku nzima mkononi mwangu.

Ijaribu asubuhi, kabla hujakaanga kitu. Nawa kwa sabuni isiyo na harufu, puliza mara moja tu upande wa ndani wa kifundo cha mkono, uache ikauke yenyewe. Usisugue.

Dakika za kwanza usihukumu. Unachonusa ni spiriti na vile vitu vyepesi vinavyoruka upesi. Yangu ya sasa, ya iliki na vanila, huanza kama chai iliyofurikia jikoni. Nusu saa baadaye iliki imekwenda zake, yamebaki maziwa, ule utando wa juu ya sufuria yakipoa. Mchana, taksi imekwama Jinja Road na jua linachoma, nanusa ukoko wa wali wa nazi. Jioni lazima pua iguse ngozi ndipo niipate, kwa sababu vanilini, kile kiini cha harufu ya vanila, ni nzito, huvukiza polepole, na huwa ya mwisho kuondoka.

Karatasi ya dukani ya kujaribia harufu haina joto wala mafuta ya mwili. Niliwahi kuiamini nikatoa shilingi 80,000. Saa moja tu baada ya kujipulizia, dada yangu akaniuliza, "Umeunguza sukari?" Nikampa chupa yote.

Ngozi yako ikiwa kavu, tangulia na vaselini isiyo na harufu. Na ukidhani imeisha, muulize mtu wa pembeni kwanza: pua huizoea harufu ya mwenyewe ikaacha kuisikia.

Ila gomesi nyeupe, lile gauni refu la heshima, usiipulizie, wala kanzu ya mzee. Vanilini huacha doa la manjano. Hata ndani ya chupa hugeuka rangi bila kuharibika. Yangu niliinunua nyeupe kama maji, leo ni chai ya rangi kabisa, na asubuhi hii nimeipuliza.