Mtoto anaogopa giza? Msogeze mdogomdogo, usimsukume

Kwanza tuelewane, mtoto kuogopa sio deko wala sio ugonjwa. Wa miezi 8 au 9 akiangua kilio kila ukitoka chumbani ni kwa sababu ameshajua wewe na mtu baki hamko sawa, na kwamba ukiondoka bado upo mahali ila sio hapo alipo. Akifika miaka 3 mpaka 5 hivi anaweza kubuni chochote kichwani ila kutenganisha cha kweli na cha kufikirika bado, ndo hapo unaanza kusikia habari za giza na mtu chini ya kitanda.

Cha kuacha leo leo ni kumtisha. Usipolala dudu linakuja, ukisumbua namwita daktari akuchome sindano, halafu siku ya chanjo tunashangaa anavyong'ang'ania mlango wa gari. Na ile ya "mbona mkubwa mzima unaogopa", jamani, haijawahi kumtoa mtu woga, inamfundisha tu kunyamaza.

Tuseme anaogopa giza. Muulize giza lina nini, kisha umsikilize bila kumrukia na majibu. Mara nyingi sio giza lenyewe, ni koti lililoning'inia nyuma ya mlango ambalo taa ikizimwa linakuwa na mabega. Basi washa taa, mpe alishike hilo koti, azime mwenyewe, awashe mwenyewe, na akitaka kurudia mara kumi mwache arudie maana swichi ikiwa mkononi mwake anaona yeye ndo bosi. Kuna wazazi wanaingia na fimbo chini ya kitanda kufukuza zimwi, mi siipendi hiyo, kwasababu ukilifukuza umeshamthibitishia kwamba lilikuwepo.

Alafu mzoeshe giza wakati hana usingizi wala hajakasirika. Fungeni mapazia mcheze na tochi, mfanye vivuli vya mikono ukutani, ficha mdoli aende kumtafuta. Usiku acha taa ndogo na mlango wazi, akizoea punguza mlango, akizoea tena sogeza taa mbali kidogo. Ukimwambia nakuja kukucheki baada ya dakika 2, njoo kweli, hata kama kanyamaza, tena hasa kama kanyamaza, maana ukimkuta katulia na ukamsifia anajua sio lazima apige kelele ndo uje.

Mbinu hii ya kidogo kidogo sio mpya. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto mmoja aliyeitwa Peter, hajafika hata miaka mitatu, alikuwa anamwogopa sungura. Walimweka sungura kwenye kizimba mbali naye huku Peter anakula vitu anavyopenda, wakawa wanamsogeza taratibu, mwisho mtoto akawa anamshika mwenyewe. Kwa mbwa ni hivyohivyo, anza na picha, kisha mbwa wa mbali aliyefungwa, kisha hatua chache mbele, na akikaza mkono wako simama hapohapo mpaka atulie ndo muendelee au mrudi. Kumbeba ukakimbia kila mkiona mbwa kunampa ahueni ya dakika moja tu, kesho woga umekua, na kumlazimisha amguse ndo mbaya zaidi.

Kuhusu usiku, usichanganye mambo mawili. Akiamka analia na anakusimulia alichoota, hiyo ndoto mbaya, mkumbatie tu. Ila akipiga mayowe saa chache baada ya kulala, macho wazi na hakutambui, usimtikise wala usimwamshe, kaa karibu asijigonge, atalala tena na asubuhi hata hakumbuki.

Woga ukifika miezi 6 haupungui, au hali, halali, hataki shule wala kucheza na wenzie, mpeleke kwa mtaalamu wa watoto.

Na akianza ghafla kumwogopa mtu fulani, hapo sahau habari ya kumsogeza kidogo kidogo. Usimlazimishe kusalimia wala kukumbatiwa, hata kama ni ndugu na atanuna. Usimwache naye peke yake, tafuta muda mkiwa wawili tu, muulize kwa upole, na akikwambia kitu usimkatize na usimwambie anadanganya.