Unarudi Nairobi Desemba na nywele za kubandika? Anza na ukingo wa mbele

Mwaka wa kwanza niliporudi nyumbani nikiwa nimebandika nywele, mama mdogo alinitazama kichwani kabla hajanitazama usoni. Tulikuwa nje, Buruburu, saa saba mchana, jua la Desemba limesimama utosini. Akanishika mkono, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani nywele zimerudi? Na mbona zimeshuka kuliko zilivyokuwa?" Binamu zangu walicheka hadi soda ikamwagika. Birmingham nilikuwa nimezivaa miezi minne bila mtu kunena neno.

Nywele zenyewe hazikuwa mbaya. Kosa lilikuwa mahali zilipoanzia. Wenzangu wa kazini walinikuta hivyo, hawana cha kulinganisha. Nyumbani ukutani kuna picha yangu ya kidato cha nne, na kila mtu anajua upara wa ukoo wetu unaanza kwa kula pembe mbili za paji la uso. Mimi nilifika na ukingo ulionyooka kama rula, umeshuka karibu na nyusi, nikiwa na miaka arobaini na tatu. Hata nikiwa na kumi na minane sikuwa na ukingo wa namna hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote, tafuta picha zako za zamani, za miaka mitano au sita kabla upara haujakushinda. Ule ukingo wa wakati huo, uliokwisha kurudi nyuma kidogo pembeni, ndio utakaokufaa. Wengi hupima vidole vinne juu ya nyusi. Anzia hapo, halafu ukiwa umepita thelathini na tano pandisha kidogo, na pembe ziache ziingie ndani. Ukingo wa juu sana hakuna atakayeuuliza. Wa chini sana utaulizwa na watoto.

Sasa kiraka chenyewe, maana mimi ndivyo ninavyokiita kile kipande chenye nywele kinachobandikwa kichwani. Cha lesi kina wavu, na kila unywele umefungwa kwa fundo. Nywele nyeusi hutoa fundo jeusi, na ukisogea karibu unaona vitone kama pilipili manga. Kuna wanaoyapausha mafundo hayo kwa dawa, nawe unaweza kuagiza yakiwa yamepaushwa tayari, lakini usitake yapaushwe sana: nywele nyeusi ikipaushwa hugeuka rangi ya shaba, na fundo lililoungua huachia unywele. Cha poliurethani, kile kama ngozi nyembamba, kinaweza kufungwa bila fundo linaloonekana. Kosa lake ni mng'ao. Chini ya jua la hapa kinang'aa kama mkanda wa plasta. Kwa Nairobi mimi huchagua lesi mbele, ngozi pembeni na nyuma ambako gundi inahitaji kushika.

Na aina ya nywele: kama zako ni za kipilipili, agiza za kipilipili. Wauzaji hupima msokoto kwa milimita, na 4 ndio wa karibu zaidi na kichwa chetu. 8 na 10 huanza kulegea. Nimeona watu wakivaa mawimbi laini kichwani na masharubu ya kipilipili mdomoni. Heri upara.

Wala usitake nywele nyingi. Kwa kipimo cha wauzaji, msongamano wa asilimia 80 unatosha mbele, na safu ya kwanza kabisa iwe nyembamba zaidi, unywele mmoja mmoja, halafu nyuma yake zijae. Zikija nzito, chukua kibano, kaa dirishani mchana, ung'oe chache hapa, ruka, ung'oe nyingine pale. Usifuate mstari. Pumzika kila baada ya dakika chache, kwa sababu kazi hii ina ulevi wake: unajiambia moja tu zaidi, kumbe umetoboa shimo. Kilichong'oka hakirudi.

Rangi ya lesi ndiyo inayowaumbua weusi wengi, na wauzaji wa huko nje hawatakuambia. Lesi ya "kahawia hafifu" waliyoniuzia ilikaa juu ya ngozi yangu kama jivu. Dawa yake iko jikoni. Chemsha majani ya chai, yale yetu ya Kericho au yoyote, chai ya rangi nzito sana bila maziwa wala sukari, uchuje, iache ipoe hadi iwe ya uvuguvugu. Tumbukiza sehemu ya lesi tu, dakika tano, toa, kausha, linganisha. Rudia mpaka ikaribie. Usilinganishe na shavu. Linganisha na ngozi ya pale inapokutana na paji, maana ngozi inayofunikwa hubaki nyeupe kidogo kuliko ile inayopigwa na jua. Iliyosalia malizia kwa poda ya kujipaka ya rangi yako, na iguse lesi tu, si unywele.

Kubandika kwenyewe ni subira. Osha kichwa, kausha, pangusa pa kugundisha kwa alkoholi. Tahadhari hapa: spiriti nyingi za dukani, za kusafishia vidonda, huwa na mafuta ya nyonyo ndani, na gundi haishiki juu ya mafuta. Taka alkoholi ya isopropili isiyochanganywa. Pale mbele tumia gundi ya maji, upake tabaka nyembamba tatu au nne, kila moja uiache igeuke kutoka nyeupe hadi isionekane ndipo uweke inayofuata. Ukipaka nzito inapenya kwenye matundu ya lesi, inang'aa, na siku ya pili vumbi la barabara za Nairobi linashika hapo. Utatembea na utepe wa udongo kwenye paji. Nyuma na pembeni utepe wa gundi unatosha. Kisha usiloweshe wala kutoka jasho siku nzima. Usibandike asubuhi ya ndege. Bandika siku mbili kabla.

Kama gundi ni mpya kwako, paka kidogo ndani ya mkono ungoje saa 48. Na kichwa chenye mashilingi (choa), vidonda au vipele vya usaha hakibandikwi kitu, hata kama harusi ni kesho.

Mizigo: katika viwanja vingi vya ndege vimiminika vya begi la mkononi havizidi mililita 100 kwa chupa, na viondoa gundi vingi vinashika moto, hivyo uliza shirika la ndege kabla ya kufunga sanduku. Vitu vya nywele utavipata kwa wingi maduka ya Dubois Road na River Road, ila vingi vimetengenezewa wigi za kina dada, soma lebo.

Ukifika, angalia maji. Ya mfereji, yale ya Ndakaini, hayana shida. Ukifikia kwa ndugu Syokimau au Kitengela wanakotumia kisima, maji ya chumvi yatafanya nywele zikakamae na ukingo uote unga mweupe. Suuza mwisho kwa maji ya kunywa, kikombe kimoja kinatosha. Jua nalo hugeuza nywele za kubandika kuwa nyekundu-nyekundu taratibu, kwa kuwa hazina mzizi wa kuzirudishia rangi. Kofia unapokwenda shamba si aibu.

Halafu kinyozi. Hili ndilo lililonigharimu safari ya pili. Kinyozi wa Nairobi anaona fahari kukuchorea laini. Mashine ndogo, kona, kona, halafu anakupaka dai, ile rangi nyeusi ya nywele, ili mstari ukolee. Kwa kichwa chenye kiraka hiyo ni ajali. Mashine inakata zile nywele chache za mbele ulizozihangaikia, dai inapenya kwenye lesi na kurudisha weusi wa mafundo. Nilitoka pale na ukingo kama wa mdoli, na ruracio, sherehe ya mahari, ilikuwa Jumamosi.

Tangu hapo naenda asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa, na naongea kabla sijakaa: "Kaka, hizi za mbele ni za kubandika. Nishughulikie pembeni na nyuma tu, uzipandishe pole pole zifanane urefu na za juu. Kisogoni usikwangue hadi ngozi, mimi hutokwa na vipele. Dai hapana." Yule wa Buruburu hakushangaa hata kidogo, aliniambia nina wenzangu wawili mtaa huo huo. Sasa huniwekea kiti cha pembeni, kimegeukia ukuta, na mashine yake haivuki sikio.