Jinsi ya kuitazama sanaa ya Bizanti na kuielewa

Mtu anayeitazama picha ya Kibizanti kwa mara ya kwanza huona nyuso zinazokaribiana kufanana, miili iliyosimama wima kama nguzo, na dhahabu tupu mahali alipotarajia kuona anga, milima au nyumba. Wengi huishia hapo, wakidhani kwamba wachoraji wale hawakujua kuchora. Walijua vizuri sana, ila kusudi lao lilikuwa lingine: hawakutaka kuonyesha jinsi mtakatifu alivyoonekana siku fulani akiwa njiani, bali kumleta mbele ya mtazamaji ili wawili hao watazamane. Jambo hilo moja ndilo ufunguo, na kila hatua iliyomo katika mwongozo huu inarudi kwake.

Anza kwa kujua mipaka ya wakati na mahali, bila kujitwisha orodha ya makaisari. Mwaka 330 Kaisari Konstantino alizindua mji mkuu mpya pale ulipokuwa mji wa Kigiriki wa Bizantio, nao ukaitwa Konstantinopoli. Leo ni Istanbul. Dola lililotawaliwa kutoka hapo lilidumu mpaka Waturuki Waosmani walipouteka mji huo tarehe 29 Mei 1453. Wenyeji wa dola hilo walijiita Warumi hadi mwisho, na jina la Wabizanti walipewa na wasomi wa Ulaya baada ya dola lao kuanguka. Hilo likumbuke unapotazama, kwa maana utaona mavazi na adabu za ikulu ya Roma, maandishi ya Kigiriki, na imani ya Kikristo, vyote katika picha moja.

Kisha chagua kazi moja tu na ukae nayo. Mimi humshauri kila anayeanza achague picha ya Kristo iliyohifadhiwa katika monasteri ya Mtakatifu Katerina, chini ya Mlima Sinai nchini Misri. Ilichorwa katika karne ya 6 juu ya ubao, kwa rangi zilizochanganywa na nta iliyoyeyushwa kwa moto, ndiyo maana ngozi ya uso ina uhai ambao rangi nyingine hazikuweza kuutoa kwa urahisi. Tafuta nakala yake iliyo kubwa na safi, halafu funika kwa kiganja nusu ya uso iliyo upande wako wa kulia. Nusu inayobaki ni tulivu, na jicho lake ni la mtu anayekusikiliza. Sasa funika nusu nyingine: nyusi imepanda, kivuli kimezidi, na jicho ni la hakimu. Ondoa mkono, na nyuso hizo mbili zitakuwa tena uso mmoja. Wengi husema kwamba mchoraji alikusudia kuonyesha huruma na hukumu, au ubinadamu na uungu, katika nafsi moja. Hata kabla ya kuchagua maelezo yoyote, macho yako yatakuwa yamekwisha kuhisi tofauti hiyo.

Ukitoka kwenye ubao, nenda kwenye mozaiki, yaani picha za ukutani zilizoundwa kwa vipande vidogo, ambako jambo la kwanza ni mwanga. Fundi alitandaza karatasi nyembamba mno ya dhahabu juu ya kioo, akaifunika kwa utando mwingine wa kioo, akakata vipande vidogo na kuvipachika kimoja kimoja kwenye lipu mbichi ya chokaa. Mara nyingi vipande hivyo havilali sawasawa, kwa hiyo kila kimoja hurudisha mwanga kwa mwelekeo wake, na mtu akitembea, au taa ikitikisika, ukuta mzima huonekana kama unapumua. Picha ya kitabuni hunyamazisha kabisa tabia hii, kwa hiyo usiihukumu mozaiki kwa picha peke yake. Ukiweza, itazame kwa video inayosogea taratibu. Majengo nayo yalitungwa kwa fikra hiyohiyo. Kuba la Hagia Sophia, kanisa lililojengwa na Kaisari Justinian kati ya mwaka 532 na 537, lina upana wa takriban mita 31, na chini yake yamepangwa madirisha 40, hata uzito wote ule ukaonekana kana kwamba umekalia mwanga.

Zoezi zuri la mozaiki liko katika kanisa la San Vitale mjini Ravenna, Italia, lililowekwa wakfu mwaka 547. Upande mmoja amesimama Justinian na sahani ya dhahabu ya mkate wa Ekaristi, na upande wa pili mkewe Theodora na kikombe cha divai. Angalia pindo la vazi la Theodora: wametariziwa Mamajusi watatu wakipeleka zawadi zao, kama yeye anavyopeleka yake. Angalia pia jinsi mwili wa Justinian unavyomfunika kidogo Askofu Maximianus, kana kwamba kaisari ndiye aliye mbele, ilhali miguu ya askofu iko chini zaidi, kana kwamba ametangulia yeye. Swali la nani yuko mbele, dola au kanisa, limeachwa wazi ukutani.

Jifunze pia herufi chache, kwa kuwa picha hizi huandikwa majina. IC XC ni Yesu Kristo, na MP ΘY ni Mama wa Mungu. Duara la nuru lenye msalaba ndani yake ni la Kristo peke yake.

Ukali wa desturi hizi una historia. Kuanzia miaka ya 720 makaisari kadhaa walipiga vita picha takatifu kwa kuziona ni ibada ya sanamu, na picha nyingi zikaharibiwa. Ile ya Sinai ilinusurika kwa kuwa monasteri hiyo ilikuwa tayari chini ya utawala wa Waislamu, nje ya mkono wa kaisari. Watetezi wa picha, kama mtawa Yohane wa Damasko, walijibu kwamba Mungu aliyetwaa mwili na kuonekana anaweza kuchorwa. Ugomvi ulikwisha mwaka 843, na tangu hapo mchoraji hakuwa mpambaji wa ukuta tu, bali shahidi wa hoja hiyo.

Ukishalizoea jicho la Kibizanti, utalikuta mbali sana na Konstantinopoli. Liko Venice katika kanisa la San Marco, na liko Kyiv katika kanisa la Sofia la karne ya 11. Liko Faras, katika Nubia ya Kikristo, leo kaskazini mwa Sudan, ambako watakatifu wenye macho mapana walifukuliwa mchangani katika miaka ya 1960, kabla ya maji ya bwawa la Aswan kulifunika eneo hilo. Na liko katika jengo lililokuwa msikiti mkuu wa Córdoba, Hispania, ambalo leo ni kanisa kuu: katika karne ya 10 Khalifa al-Hakam II alipata kutoka kwa kaisari wa Konstantinopoli fundi na vipande vya mozaiki, na mihrabu ikang'aa kwa maandishi ya Kiarabu na majani, bila sura ya mtu hata mmoja. Ufundi ulivuka mpaka wa dini. Picha za nyuso hazikuvuka, na wala hazikuhitajika.

Kwa zoezi la mwisho, weka Kristo wa Sinai kando ya yule wa kanisa kuu la Cefalù huko Sicily, aliyewekwa ukutani kwa mozaiki mwaka 1148 katika kanisa lililoanzishwa na Mfalme Roger II, Mnormani. Linganisha mkono unaobariki, ndevu na macho, kisha ushuke hadi kwenye kitabu. Cha Sinai kimefungwa. Cha Cefalù kimefunguliwa, na maneno "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu" yameandikwa ukurasa mmoja kwa Kigiriki na ukurasa wa pili kwa Kilatini.