Kupiga picha za majengo na taa za magari Lubumbashi

Ukisubiri giza liingie kabisa, umechelewa: anga inakuwa nyeusi na paa la jengo linapotea. Piga kati ya dakika 10 na 25 baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa bado ya buluu na taa za maduka zimeshawaka. Fika mapema, upange picha kungali na mwanga.

Pale Place de la Poste (uwanja wa posta), weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, anza na ISO 100 (kiasi kamera inavyohisi mwanga), f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikikua tundu hupungua), na muda wa sekunde 8. Magari yakiwa machache michirizi ya taa hukatikakatika. Ongeza hadi sekunde 15 na ufunge tundu la lenzi hadi f/16, la sivyo vioo vya jengo vitaungua, yaani vitatoka vyeupe tupu. Magari yetu hupita kulia. Kwa hiyo ukisimama ukingo wa kulia ukitazama yanakoelekea, ya karibu huacha mchirizi mwekundu, ya mbali mweupe. Ndivyo inavyopendeza, nyeupe ya karibu hula picha nzima.

Kingo za jengo zikitoka maradufu, usiilaumu lenzi. Zima kitulizaji chake cha mtikisiko, tumia kipima muda cha sekunde 2, na usiinue nguzo ya katikati ya stendi, maana lori likipita lami hutetemeka. Kuta zikiinamiana, kamera imetazama juu: inyooshe, rudi nyuma. Kiangazi, futa vumbi kwenye lenzi kila mara.

Umeme ukikatika usifunge mkoba. Jaribu f/8, sekunde 15: taa za magari zitamulika ukuta zenyewe.