Jinsi ya kubishana dizaini ya magari ya Kiitaliano: anza na injini

Jioni tukikaa ufukweni Mikindani na kahawa yetu, ubishi ni uleule, Lamborghini Miura na Countach ipi imechorwa vizuri zaidi. Hamna hata mmoja aliyewahi kuziona live, ni picha za kwenye simu tu, ila ubishi unanoga sana ukijua pa kuanzia, na wengi wanaanza vibaya, mtu anakwambia "ile kali bana" basi kamaliza.

Anza na injini imekaa wapi. Okota kijiti, chora mchangani tairi mbili za ubavuni, weka injini, alafu ndo uchore bodi juu yake. Kama umewahi kupanda Hiace ya kwenda Mtwara mjini ukakaa siti ya mbele unajua, injini iko chini yako, joto lote linakupanda, na ndo maana Hiace haina pua.

Sasa Miura ya 1966. Injini ni V12, yani silinda kumi na mbili, ya lita 3.9, mafundi wa Lamborghini kina Gian Paolo Dallara wakaikingamisha nyuma ya siti, giaboksi ikaunganishwa humohumo kwenye bloku moja, wazo lilitoka kwenye kale kagari ka Mini. Injini ikikingama inakula nafasi fupi, kwaiyo Marcello Gandini, mchoraji wa kampuni ya kuchora bodi ya Bertone, akapata pa kuchora pua ndefu iliyolala na kile kiuno, yani hakuna mstari hata mmoja uliokatika, mimi mpaka leo naiangalia nanyamaza. Countach yake iliyooneshwa 1971 ni V12 pia, ila fundi Paolo Stanzani akaigeuza ikae kwa urefu na giaboksi ikatangulia mbele katikati ya siti, dereva akasukumwa mbele, kioo kikalala, gari likawa kabari. Mchoraji mmoja, injini imegeuka, shepu imegeuka.

Pili mwambie mwenzio ataje toleo. Countach LP400 ya 1974 haina bawa, ni safi, lile bawa la nyuma lilikuja na LP400 S ya 1978 na linalivuta gari nyuma kwa upepo, mimi bawa silitaki kabisa. Miura nayo zile kope, yani vipande vyeusi vinavyozunguka taa za mbele, ziliondolewa kwenye SV ya 1971, ukibishania kope na mtu anayewaza SV mtakesha.

Picha iwe ya ubavuni. Ile ya kona ya mbele inadanganya, kila gari linaonekana pana.

Alafu wazee wasiachwe nje. Wao Miura haiwahusu, ila taja Lancia Stratos, nayo ya Gandini, fupi makusudi ili ikate kona za rali, kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma mita 2.18 tu, kioo kimezunguka kama cha helmeti. Safari Rally ya 1975 zilishika nafasi ya pili na ya tatu, na iliyozipiga ni Peugeot 504. Hapo kila mzee aliyewahi kupanda 504 anasogeza kiti, anaomba kijiti na yeye achore.