Gari Lioshwe Kila Baada ya Muda Gani Pale Hali ya Hewa Isipotulia

Ukiuliza gari lioshwe mara ngapi, jibu utakalopewa mara nyingi ni kila baada ya wiki mbili. Si jibu baya, na kwa gari linalotembea kwenye lami na kulala chini ya paa, katika hali ya hewa tulivu, linatosha kabisa. Linapwaya pale ambapo wiki ya jua kali hufuatwa na siku tatu za mvua, vumbi hugeuka tope, au barafu huyeyuka mchana ikaganda tena usiku. Hapo kalenda peke yake hupotosha, kwa sababu gari linaweza kupendeza machoni huku chuma kikiliwa chini kwa chini, na linaweza pia kufunikwa na vumbi tele bila kudhurika. La kuangalia ni aina ya uchafu uliokaa juu ya gari, pamoja na kile ambacho maji, joto au baridi inayokuja itaufanya uchafu huo.

Kwanza tujue kinacholindwa ni nini. Rangi ya gari la kisasa si tabaka moja. Juu ya bati, ambalo mara nyingi limepakwa zinki, huwa na tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho tabaka angavu ambalo ndilo linalopokea jua, mvua na mikwaruzo yote. Tabaka hilo la juu kwa kawaida huwa na unene wa takriban mikroni 40 hadi 50, yaani ni jembamba kuliko unywele wa binadamu ulio wa kawaida. Ukiosha vibaya unalipunguza, na ukichelewa kuondoa uchafu wenye asidi unauachia nafasi ya kulichimba. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoosha gari kila siku kwa mazoea, hasa wale wanaotumia kitambaa kilekile na ndoo ileile kuanzia Jumatatu hadi Jumapili.

Uchafu usiongoja na uchafu unaovumilika

Kinyesi cha ndege hakingoji zamu. Kina asidi ya yuriki, na jua linapochoma tabaka angavu hulainika na kutanuka, kisha linapopoa jioni hujikunja na kukakamaa kuuzunguka ule uchafu, likabaki na alama ya umbo lake hata baada ya kuoshwa. Siku ya joto kali, saa chache zinatosha kuacha doa la kudumu. Weka ndani ya gari chupa ya maji na kitambaa laini kilicho safi. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya kinyesi kwa dakika kadhaa mpaka kilainike, kisha uinue vyote kwa pamoja bila kusugua, kwa kuwa ndani yake mna punje za mchanga na maganda ya mbegu. Utomvu wa miti na wadudu waliopondeka kwenye bampa na boneti baada ya safari ndefu wamo katika kundi hilohilo, ingawa wanaweza kukaa siku moja zaidi. Hakuna kati ya hivi kinachodai gari zima lioshwe. Kinachotakiwa ni kushughulikia doa lenyewe bila kuchelewa.

Vumbi kavu, kwa upande wake, ni uchafu mvumilivu. Likikaa juu ya rangi wiki mbili au tatu za kiangazi bila kuguswa, halitafanya lolote la maana. Kinachodhuru ni mkono wa mwenye gari. Vumbi la barabara lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko kioo, na kulipangusa kwa kitambaa kikavu ni kulipiga gari msasa. Ile brashi ya manyoya ambayo madereva wengi huiweka kwenye buti ili gari lisiaibishe mbele za watu ndiyo inayoleta mikwaruzo ya mviringo unayoiona rangi nyeusi inapopigwa na jua. Kama huna maji ya kutosha leo, safisha vioo na taa ili uone na uonekane barabarani, na bodi iache ilivyo.

Hali hubadilika mvua inapoingia. Mvua kubwa husukuma sehemu ya vumbi chini, lakini manyunyu ya dakika kumi juu ya gari lenye vumbi ni mabaya kuliko kutonyesha kabisa: hulikusanya vumbi katika vijidimbwi vidogo, kisha jua hukausha maji na kuacha duara za tope na madini zilizogandamana na rangi. Baada ya manyunyu ya namna hiyo, suuza gari kwa maji mengi siku hiyo au inayofuata, hata kama ulikuwa umepanga kuliosha wiki ijayo. Wala usihesabu mvua kubwa kuwa ni kuoshwa. Wakati paa linapata maji safi, magurudumu yanarusha tope kwenye uvungu, na uvunguni ndiko kutu huanzia.

Tope lina hila yake. Kwa nje hukauka haraka likawa jeupe, lakini lile lililojaa nyuma ya madigadi na kwenye pembe za uvungu huhifadhi unyevu siku nyingi baada ya barabara kukauka. Ili uone jambo hili kwa karibu, fungua mlango wa mbele, piga magoti, upitishe kidole kwenye ukingo wa chini wa mlango huo upande wa ndani. Utagusa vijitundu vyembamba, viwili au vitatu, vilivyowekwa ili maji yanayopenya kando ya kioo yapate pa kutokea. Kama vimezibwa na tope, chokonoa taratibu kwa kijiti cha mbao au plastiki, na usishangae yakitoka maji ya kahawia. Mlango wenye maji ya aina hiyo huoza kutoka ndani kuja nje, na siku malengelenge yanapotokea kwenye rangi, mara nyingi bati huwa limekwisha kutoboka. Kwa hiyo, baada ya safari ya tope, uvungu na madigadi vioshwe ndani ya siku moja au mbili, tope likiwa bado laini; bodi ya juu inaweza kusubiri mwisho wa wiki.

Chumvi ina hesabu yake

Kwenye nchi zenye theluji, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo huwa ni kloridi ya sodiamu, pengine ikichanganywa na kloridi ya kalisi au ya magnesi. Hizi mbili za mwisho hufyonza unyevu wa hewani, kiasi kwamba utando wake hubaki na majimaji hata pale barabara inapoonekana kavu. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kwa kuwa kutu ni badiliko la kikemia linalohitaji chaji za umeme kupita kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine, kasi yake huongezeka sana.

Kasi hiyo, hata hivyo, hutegemea joto. Kukiwa na baridi kali iliyo chini sana ya nyuzi 0, chumvi iliyoganda uvunguni hufanya kazi polepole mno; balaa huanza hewa inapopata joto kidogo na theluji kuyeyuka. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Gari linaloingizwa kila usiku kwenye gereji yenye joto, likiwa na chumvi yake, linakabidhiwa kila kitu ambacho kutu inakitaka, yaani maji, hewa na joto, ilhali lile linalolala nje kwenye baridi hupata ahueni hadi asubuhi. Mwenye gereji ya joto ndiye anayepaswa kuosha mara nyingi zaidi.

Muda ninaoupendekeza kwa msimu wa chumvi ni kila baada ya siku 7 hadi 10, uvungu ukipewa kipaumbele, na kuongeza mara moja siku ya kwanza ambayo joto linapanda juu ya nyuzi 0 baada ya theluji. Msimu ukiisha na mvua za kwanza zikishaondoa chumvi barabarani, osha uvungu kwa utulivu sehemu baada ya sehemu, kwa kuwa chumvi iliyobaki kwenye mikunjo ya chuma itaendelea kufanya kazi wakati wa joto. Walio karibu na bahari wana tatizo hilohilo bila theluji: upepo huleta chumvi mwaka mzima, nayo haionekani. Kwao, kusuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki ni jambo la lazima, hata kama gari linang'aa.

Kisingizio kinachosikika mno ni kwamba hakuna haja ya kuosha leo kwa sababu kesho mvua itanyesha. Mvua ikinyeshea gari safi lililopakwa nta ya kulinda rangi huacha alama chache zinazotoka kwa kusuuzwa. Ikinyeshea gari chafu hutengeneza tope. Utabiri wa hali ya hewa uahirishe kazi kwa sababu mbili tu: dhoruba ya vumbi inayokaribia, au baridi ya kugandisha itakayokuja kabla gari halijakauka.

Kuosha kwenyewe

Tafuta kivuli na usubiri bodi ipoe. Gusa boneti kwa mgongo wa kiganja. Kama bado inaunguza, maji na sabuni vitakauka kabla ya kusuuzwa na kuacha madoa. Anza na magurudumu na uvungu, kwa ndoo na brashi vya peke yake, maana vumbi la breki lina vipande vya chuma ambavyo havifai kufika kwenye rangi. Kisha mwagia gari zima maji mengi kuanzia paani kushuka chini kabla ya kuligusa kwa kitu chochote. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayoondoa mchanga ambao ungeburuzwa na sponji.

Tumia ndoo mbili, moja ya maji yenye shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu au kitambaa cha mikrofaiba kila kinapotoka kwenye bodi. Sabuni ya vyombo huondoa mafuta vizuri, na kwa sababu hiyohiyo huondoa nta. Pitisha kitambaa kwa mistari iliyonyooka, si kwa kuzungusha, na umalizie na sehemu za chini za milango ambazo huwa chafu zaidi. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando mpaka kifuliwe. Suuza, kisha kausha kwa taulo la mikrofaiba kabla maji hayajakauka yenyewe.

Ukitumia mashine ya presha, shikilia mdomo wake kama sentimita 30 kutoka kwenye bodi, ukiepuka raba za milango, ubavu wa matairi, mapezi ya rejeta, sehemu za umeme ndani ya boneti na pale ambapo rangi imebanduka. Mashine za brashi zinazozunguka huburuza mchanga wa gari lililotangulia, na mimi huziona kuwa chaguo la mwisho. Lakini katika msimu wa chumvi, mikwaruzo ya juujuu ni hasara ndogo kuliko uvungu unaooza. Ikiwezekana, chagua mashine isiyogusa bodi na yenye kurusha maji uvunguni.

Wakati wa baridi osha mchana, joto likiwa juu ya nyuzi 0, na usimwage maji ya moto kwenye kioo kilichoganda, kwani kinaweza kupasuka. Fungua milango yote na buti, kausha raba na kingo, kisha zipake raba mafuta ya silikoni ili zisigandane na bodi. Kabla ya kuegesha, endesha kidogo ukikanyaga breki taratibu mara kadhaa zikauke. Breki ya mkono yenye maji inaweza kuganda usiku na kushikilia gurudumu.

Wakati wa kukausha, kagua mambo mawili. La kwanza ni tundu lolote lililoachwa na kokoto: likifika kwenye bati, lisafishe, likaushe na uligusie rangi wiki hiyohiyo, kwa sababu kutu hutambaa chini ya rangi iliyo nzima. La pili ni nta. Maji yakisimama kama shanga juu ya bodi, nta bado ipo. Yakitandazika, paka upya. Kwenye jua kali au chumvi, nta ya kawaida huisha baada ya miezi miwili au mitatu. Kupaka nta hakukuondolei wajibu wa kuosha, ila uchafu hutoka bila kusuguliwa sana.

Gari litakaloegeshwa majuma mengi bila kutumika lioshwe, uvungu ukiwamo, na likauke kabisa kabla ya kufunikwa. Turubai likiwekwa juu ya bodi yenye vumbi, kila upepo utalisugua dhidi ya rangi, na likiwekwa juu ya bodi yenye maji litafungia unyevu. Kama huna muda wa kuliosha na kulikausha, ni afadhali uliache wazi chini ya paa.