Fuatilia mazoea bila kurudi sifuri
Una ADHD (hali ya ubongo inayofanya kutulia na kujipanga kuwe kugumu) na kila programu ya simu ya kufuatilia mazoea unaiacha wiki ya pili? Mara nyingi tatizo ni ile hesabu ya siku mfululizo: ukikosa moja inarudi sifuri, na hamu yote inakufa papo hapo. Jaribu Loop Habit Tracker kwenye Android, ni ya bure. Ukikosa siku, alama hushuka kidogo tu. Anza na mazoea 2, si 10, lengo mara 4 kwa wiki. Wijeti, yaani kijidirisha cha programu hiyo, ibandike skrini ya kwanza ya simu, maana usichokiona utakisahau. Kikumbusho nacho kikilia umebanwa ndani ya feri ya Likoni utakifuta tu. Kitege saa ya chai na mahamri, na kama zoea lako ni kumeza dawa, ziwe kando ya kikombe.